Kompyuta za mwaka 1977 zimedumu vipi huko angani?

SWALI: Assalaam aleikum Maalim. Mimi ni fundi wa simu na kompyuta hapa Langoni, Lamu. Kompyuta nyingi ninazoletewa hazijatimiza hata miaka mitano, na nikizifungua nakuta bodi imeota kijani na kapasita zimevimba. Juzi nilisikia redioni kwamba vyombo viwili vya Marekani vilivyorushwa mwaka 1977 bado vinaleta habari kutoka mbali, na kompyuta zake hazijaguswa tena na mkono wa fundi. Wenzangu barazani wanasema ya kale ni dhahabu, na kwamba vitu vya zamani ndivyo vilivyokuwa imara. Je, ndivyo? Na kama ndivyo, mbona tusinunue mashine za zamani?

JIBU: Wa aleikum salaam, fundi, na ahsante kwa swali lililopangwa vizuri. Wenzako wa barazani wana haki ya kustaajabu, maana vyombo hivyo, Voyager 2 na Voyager 1, viliondoka duniani tarehe 20 Agosti na 5 Septemba 1977, na kompyuta zilizomo ndani yake ni zile zile zilizofungwa na mafundi ambao wengi wao wamekwisha kustaafu na baadhi wametangulia mbele ya haki. Lakini sababu waliyoitoa siikubali. Uzamani haukuzipa kompyuta zile umri mrefu. Kilichozipa umri ni kwamba ziliundwa kwa namna ya kuweza kubadilishwa zikiwa safarini, na kwamba hadi leo wapo watu wanaoamka asubuhi kwenda kuzihudumia. Mengine yote nitakayokueleza yanaizunguka hoja hiyo moja.

Kwanza tazama ushahidi ulio karibu nasi. Mimi nafundisha elektroniki hapa Malindi, na nikiwapeleka wanafunzi Ngomeni huwaonyesha majukwaa ya San Marco yaliyosimama kwa nguzo zake katika ghuba ya Ungwana, ambako Waitaliano walikuwa wakirushia satelaiti kwa roketi za Scout. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, iliruka hapo satelaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza mionzi ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Ilifanya kazi kubwa, ikatuachia orodha ya vyanzo 339 vya mionzi hiyo, kisha ikanyamaza Machi 1973. Vifaa vyake vilikuwa vya kizazi kile kile kinachosifiwa barazani, tena vya zamani kuliko vya Voyager, na bado havikufika hata miaka mitatu.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Kompyuta ya kupokea amri iliyomo ndani ya Voyager ilichukuliwa karibu kama ilivyo kutoka kwa vyombo vya Viking vilivyokwenda kuizunguka sayari ya Mirihi mwaka 1976. Viking 1 ilizimwa Agosti 1980 baada ya gesi yake ya kujielekeza kumalizika. Kwa hiyo kompyuta ya aina moja, iliyobuniwa na watu wale wale, iliishi miaka mitano mahali pamoja na inakaribia miaka hamsini mahali pengine. Tunapovitazama vyombo viwili vilivyosalia na kusahau vile vilivyonyamaza, tunafanya kosa la mtu anayemwona bibi kizee mmoja wa miaka mia moja na kudhani kwamba zamani watu wote walikuwa wakifika umri huo.

Sasa tuingie ndani ya chombo chenyewe. Kila Voyager ina kompyuta za aina tatu, na kila aina ziko mbili, ili moja ikiharibika nyingine ishike nafasi yake. Ya kwanza hupokea amri na kuzitekeleza. Ya pili hukusanya takwimu za vipimo na kuzifunga tayari kwa kutumwa. Ya tatu huelekeza chombo ili antena yake, yenye upana wa mita 3.7, isiache kuitazama dunia. Kumbukumbu ya kila kompyuta ya amri ni maneno 4,096 ya biti 18, yaani vifungu vya tarakimu 18 za moja au sifuri kila kimoja, na ya uelekezi ni vivyo hivyo. Kila kompyuta ya takwimu ina maneno 8,192 ya biti 16. Ukizijumlisha zote sita utapata baiti 69,632, na picha moja tu unayoipiga kwa simu, ikiwa ya megabaiti tatu, haienei humo hata ukizirudia kompyuta hizo mara arobaini. Utasoma sehemu nyingi kwamba Voyager inaendeshwa na prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu za kompyuta, inayoitwa 1802. Si kweli, prosesa hiyo ilitumika katika chombo cha Galileo kilichorushwa mwaka 1989. Kompyuta za Voyager hazina prosesa ya chipu moja hata kidogo: zimejengwa kwa chipu nyingi ndogo, kila moja ikiwa na kazi yake nyepesi.

Kuhusu kumbukumbu zenyewe, pana tofauti ambayo naomba uishike kwa sababu tutairudia. Kompyuta ya amri na ile ya uelekezi huhifadhi biti zake katika nyaya nyembamba zilizopakwa utando wa sumaku, na sumaku hiyo hubaki kama ilivyo hata umeme ukikatika. Kompyuta ya takwimu ni nyingine kabisa. Waliitia kumbukumbu ya chipu za transista, zile swichi ndogo mno za umeme, ya kwanza ya aina yake kupelekwa mbali kiasi hicho, ambayo umeme ukiondoka nayo husahau kila kitu. Na kwa kuliogopa hilo wakaitengea njia yake ya umeme moja kwa moja kutoka kwenye chanzo. Hivyo sehemu iliyo mashuhuri kwa kudumu ilikuwa, siku ya kuondoka, teknolojia mpya ambayo wengine waliona ni ya hatari.

Bodi uliyoieleza mimi naijua. Ninayo moja hapa mezani, imetoka katika kompyuta ya duka moja la ufukweni, na nimeitazama kwa kioo cha kukuzia. Kati ya miguu miwili ya chipu ya umeme pana ukoko wa kijani unaong'aa kidogo, umetambaa kutoka mguu mmoja ukafika wa pili, na ukiugusa kwa sindano unapukutika kama chokaa ya ukuta wa zamani. Hiyo ni shaba iliyoliwa na chumvi. Unyevu wa hewa yetu hubeba chumvi ya bahari, feni huivuta ndani mchana kutwa, vumbi huishika, na usiku mashine ikizimwa na kupoa, umande mwembamba huiyeyusha na kuifanya njia ya umeme mahali pasipotakiwa. Ongeza umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, ongeza joto linalopanda na kushuka kila siku likivuta na kulegeza viungo vya lehemu, na zile kapasita za mviringo ambazo maji yake ya ndani hukauka, basi umekwisha kuwataja wauaji wote wa mashine zako.

Hakuna hata mmoja wa wauaji hao aliyeko aliko Voyager. Huko hakuna hewa, kwa hiyo hakuna unyevu, hakuna chumvi, hakuna oksijeni ya kuleta kutu. Kompyuta zimefungwa katika sanduku la pande kumi lililofunikwa kwa mablanketi ya kuzuia joto lisitoke, na ubavuni mwake kuna vibao vinavyojifungua na kujifunga vyenyewe, mfano wa vile vya madirisha yetu ya mbao, ili joto la ndani lisibadilike ghafla. Hazizimwi na kuwashwa kila siku. Umeme wake hautoki kwenye betri ya kujaza wala kwenye jua, bali kwenye majiko matatu ya plutoniamu ambayo joto lake hugeuzwa kuwa umeme bila kifaa chochote kinachozunguka, na umeme huo haujawahi kukatika kwa kishindo tangu mwaka 1977. Satelaiti iliyo karibu na dunia, kama ilivyokuwa Uhuru, huingia kivulini na kutoka juani kila baada ya saa moja na nusu hivi, maelfu ya mara kwa mwaka. Voyager haijui usiku.

Adui wa huko ni mionzi, na hapa ndipo watu wengi, hata wasomi, wanapolirahisisha jambo kupita kiasi. Husemwa kwamba transista za zamani zilikuwa kubwa na kwa hiyo chembe ya mionzi haiwezi kuzidhuru. Nusu ya kauli hiyo ni sahihi. Transista ya miaka ya 1970 ilikuwa na upana wa mikromita kadhaa, na biti moja ilishikwa na chaji nyingi za umeme, hivyo chembe moja ikipita haina nguvu ya kuigeuza kwa urahisi kama inavyoigeuza biti ya leo inayoshikwa na chaji chache mno. Lakini mionzi ina njia ya pili ya kuua, nayo ni kulimbikiza chaji kidogo kidogo ndani ya utando wa kioo uliomo ndani ya transista, mpaka transista ishindwe kufunga au kufungua. Na utando huo ulikuwa mnene zaidi katika chipu za zamani, kwa hiyo kwa sumu hii ya polepole chipu za zamani ndizo zilizokuwa dhaifu.

Wabunifu wa Voyager waliligundua hilo kwa bahati, na kwa wakati mgumu. Desemba 1973 chombo cha Pioneer 10 kilipita karibu na Mshtarii na kuleta habari kwamba mionzi inayoizunguka sayari hiyo ni mikali kuliko ilivyodhaniwa. Ilibidi warudi kwenye michoro, wabadilishe vipuri kwa vile vilivyothibitishwa kuhimili mionzi, na kuzikinga sehemu nyororo kwa bamba za chuma kizito kiitwacho tantalamu. Hata hivyo Voyager 1 ilipopita pale Machi 1979, saa yake kuu ilichelewa kwa sekunde 8 na baadhi ya picha za miezi ya Mshtarii zikapigwa wakati usio wake. Ilijeruhiwa kidogo ikaendelea na safari. Mionzi iliyopatikana siku zile chache ilizidi kwa mbali ile ya miaka mingi iliyofuata, na ndiyo maana kifaa kilichoivuka Mshtarii salama kilikuwa na matumaini makubwa ya kuishi baadaye.

Basi hayo ni mazingira na vipuri. Yangetosha kama vyombo hivyo visingeharibika, lakini viliharibika tena mapema, na ni katika kuharibika huko ndipo utaona kilichoviokoa.

Chukua Voyager 2. Aprili 1978, miezi minane tu baada ya kuondoka, kompyuta yake ya amri ilikaa siku saba bila kupokea neno kutoka duniani, kwa sababu wahudumu walikuwa wameshughulika na tatizo la Voyager 1. Kwa mujibu wa programu yake ilihesabu kwamba risiva, yaani redio ya kupokea mawimbi, imekufa, ikahamia risiva ya akiba. Risiva ya akiba ikaonekana ina kapasita iliyoungua katika saketi yake ya kufuatilia masafa. Na ilipoirudia ile ya kwanza, nayo ikafanya kazi kwa muda wa nusu saa hivi kisha ikafa kabisa. Tangu siku hiyo mpaka leo Voyager 2 inasikia kwa sikio moja lenye ugonjwa. Risiva nzima ingeweza kufuata mawimbi yanayoyumba kwa upana wa hezi laki moja. Hii iliyobaki husikia ndani ya upenyo wa hezi 96 tu, na upenyo wenyewe husogea kila joto la chombo linapobadilika kidogo.

Wewe ni fundi na unajua kwamba dawa ya kapasita iliyokufa ni kuitoa na kulehemu nyingine. Hawa hawakuwa na njia hiyo, kwa hiyo wakajifunza tabia ya ugonjwa. Wanakokotoa mwendo wa dunia, mwendo wa chombo na joto la risiva, kisha wanapeleka amri kwa masafa yanayobadilishwa taratibu huku duniani ili yakifika kule yawe yameangukia ndani ya upenyo ule ule. Na kwa kuwa sikio hilo moja likizibika hakutakuwa na lingine, wakaiachia kompyuta ya amri ratiba ya kazi ya kuendelea nayo peke yake endapo haitasikia tena sauti ya wenyewe. Kwa njia hiyo Voyager 2 ilifika Uranus Januari 1986 na Neptuni Agosti 1989, na hakuna chombo kingine kilichokwisha kufika huko kwenye sayari hizo mbili.

Safari hizo mbili za mwisho hazikuwamo katika kazi iliyoidhinishwa, ambayo ilikuwa ni Mshtarii na Zohali pekee. Kwenye Uranus mawimbi yalikuwa yamedhoofika mno kuweza kubeba picha kwa njia ya zamani. Wahandisi wakaiandika upya kompyuta ya pili ya takwimu, iliyokuwa imekaa kama akiba, ikawa na kazi moja tu ya kubana picha: badala ya kutuma mwanga wa kila nukta, ikatuma tofauti kati ya nukta na jirani yake. Chombo kilichofika Uranus kilikuwa na uwezo ambao hakikuwa nao kilipoondoka, na hakikuongezewa hata msumari. Jahazi hupandishwa pwani likatiwa kalafati na kupakwa deheni kabla ya msimu. Hili lilitengenezwa likiwa katikati ya kilindi, na mafundi wake wako bandarini hawalioni.

Sasa nikusimulie lililotokea juzi juzi, ambalo naliona ndilo jibu kamili la swali lako. Tarehe 14 Novemba 2023 Voyager 1 iliacha kuleta takwimu zenye maana. Mawimbi yalifika, lakini ndani yake mlikuwa na mpangilio mmoja wa moja na sifuri unaojirudia, kama mtu anayefungua kinywa na kutoa sauti isiyo maneno. Kosa lilikuwa katika kompyuta ya takwimu, na mwenziwe wa akiba katika chombo hicho alikuwa amekufa tangu mwaka 1981, kwa hiyo hapakuwa na pa kuhamia. Chombo kilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24. Amri huchukua saa 22 na nusu kufika na jibu huchukua saa 22 na nusu kurudi, na amri zenyewe hutumwa kwa mwendo wa biti 16 kwa sekunde.

Kwa miezi kadhaa wakasoma karatasi za miongo iliyopita, zilizoandikwa na watu ambao hawakuwapo tena kazini, ili kujua kila neno la kumbukumbu lina kazi gani. Tarehe 1 Machi 2024 wakapeleka amri ya kuichokoa kompyuta ile ili iruke sehemu ya programu iliyoshukiwa na kujaribu njia nyingine. Siku mbili baadaye likaja jibu lisilofanana na yale ya nyuma; halikuwa katika umbo la kawaida, lakini tarehe 10 Machi mhandisi mmoja alifanikiwa kulifumbua, akakuta ndani yake mna nakala ya kumbukumbu nzima ya kompyuta. Wakailinganisha na nakala ya zamani, neno kwa neno, na hapo ugonjwa ukaonekana: chipu moja ilikuwa imekufa, ama kwa kupigwa na chembe ya mionzi ama kwa kuchakaa tu baada ya miaka 46, na asilimia 3 ya kumbukumbu ilikuwa imeondoka nayo, pamoja na maagizo ya kufunga takwimu.

Hapakuwa na nafasi moja wazi ya kuyatosha maagizo yaliyopotea. Wakayakatakata vipande, wakavipachika katika mianya iliyobaki huku na huku ndani ya kumbukumbu, kisha wakapitia programu nzima na kurekebisha kila mahali palipokuwa pakielekeza kwenye anwani ya zamani, maana kipande kimoja kikisahauliwa kompyuta itarukia mahali pasipo na kitu. Tarehe 18 Aprili wakatuma sehemu ya kwanza. Tarehe 20 Aprili jibu likarudi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano walijua hali ya chombo chao. Kufikia Juni vipimo vyote vinne, yaani vifaa vya kupimia, vilivyokuwa bado vinatumika vilikuwa vimerudi kuleta takwimu safi.

Mimi niliposoma habari hiyo niliweka karatasi chini nikakaa kimya kwa muda, kwa sababu nimefundisha vijana miaka mingi na najua ni vigumu kiasi gani kurekebisha programu hata ikiwa mbele yako, mashine iko mezani na kosa likionekana kwenye kioo. Chipu ile ilikufa kama zinavyokufa za kwako. Chombo hakikufa kwa kuwa waliokiunda waliacha njia ya kuyafikia matumbo yake na kuyapanga upya, na kwa kuwa warithi wao waliitunza elimu ya kuitumia njia hiyo. Novemba 2017 walifanya vivyo hivyo kwa injini ndogo za kujielekeza: zile zilizozoewa zilipochoka, waliziwasha nyingine ambazo Voyager 1 haikuzitumia tangu Novemba 1980, nazo zikaitika baada ya miaka 37.

Kwa nini basi vyombo vipya navyo bado hubeba kompyuta zinazoonekana za zamani? Ni kwa sababu kuithibitisha chipu kwamba inahimili mionzi huchukua miaka, na chombo chenyewe huchukua miaka mingine kujengwa. Gari la Curiosity lililotua Mirihi mwaka 2012 na darubini ya James Webb iliyorushwa mwaka 2021 vyote hutumia prosesa ya RAD750, ambayo asili yake ni prosesa ya kompyuta za mezani ya mwaka 1997. New Horizons iliyopita karibu na Pluto Julai 2015 ina prosesa ya megahezi 12. Wahandisi hao hawaipendi teknolojia ya zamani kwa uzamani wake. Wanaipenda ile ambayo makosa yake yameshajulikana.

Na kuna mfano unaokwenda kinyume, ambao wewe wa simu utaupenda. Helikopta ndogo ya Ingenuity iliyopelekwa Mirihi ilibeba prosesa ya Snapdragon 801, ya simu za mwaka 2014, ambayo huenda umewahi kuifungua kwa mikono yako hapo Langoni. Ilikusudiwa kuruka mara tano ndani ya siku thelathini. Iliruka mara 72, kuanzia Aprili 2021 hadi Januari 2024, ikivumilia usiku wenye baridi kali kupita friji yoyote tuijuayo, na kilichoisimamisha ni mapanga yake kuvunjika, wala si prosesa ya simu.

Kwa hiyo usinunue mashine za zamani, fundi. Kapasita zake zimekwisha kukauka zikiwa stoo, na chumvi ya Lamu haitaziheshimu kwa ajili ya umri wake. Ukitaka mashine za wateja wako zidumu, zisogeze karibu na hali ya Voyager kadiri uwezavyo: safisha bodi kwa spiriti safi, ikikauka ipake vanishi maalumu ya elektroniki inayofunika miguu ya chipu isiguswe na hewa, weka kifaa cha kutuliza umeme, na usiiache mashine wazi mbele ya dirisha la upande wa bahari. Tena kila unapotengeneza, andika ulichokifanya na ulichokikuta, kwa maandishi ambayo fundi mwingine ataweza kuyasoma.

Hukuuliza vyombo hivyo vitaishi hadi lini, lakini najua barazani watakuuliza. Majiko yake yalikuwa yakitoa wati 470 siku ya kuondoka na hupoteza wati kama 4 kila mwaka, kwa sababu plutoniamu huchakaa na vigeuza joto navyo huchoka. Wahandisi wamekuwa wakizima kimoja baada ya kingine. Mwishoni mwa mwaka 2011 walizima kipasha joto cha kipimo kimoja cha Voyager 1, kilichokuwa kimejaribiwa kufanya kazi hadi nyuzi 35 chini ya sifuri, nacho kikaendelea kuleta takwimu kikiwa katika baridi iliyozidi nyuzi 79 chini ya sifuri. Februari 2025 walizima kipimo cha mionzi ya anga cha Voyager 1, na Machi wakazima kingine cha Voyager 2. Hata hivyo itafika siku ambayo umeme uliobaki hautatosha kuiendesha redio.

Siku hiyo ile kompyuta ya takwimu iliyotibiwa Aprili 2024 itasahau vyote kwa mara moja, pamoja na vipande vilivyopachikwa mianyani kwa taabu ile yote, kwa sababu kumbukumbu yake haiwezi kukaa bila umeme. Kompyuta ya amri haitakuwa hivyo. Nyaya zake za sumaku hazihitaji umeme ili kukumbuka, na amri za mwisho zitakazokuwa zimepokelewa kutoka duniani zitabaki zimeandikwa humo, biti kwa biti, chombo kikiendelea na mwendo wake.